Tuinue kituo, tusingoje basi

Wazee wetu, ndugu zangu, jambo yenu. Mnisamehe, nitazungumza nikiwa nimeketi. Magongo yangu haya hapa ubavuni.

Twende Birere, hapa mjini Goma, saa moja asubuhi. Taxi-bus inafika, konvoyeri, mpokea nauli, anaita "Majengo, Majengo!" Kipofu anasikia, anajua gari lake ndilo hilo. Kiziwi anatafuta palipoandikwa, hapaoni. Mimi nasikia na kuona, lakini kidato cha mlango kinakaribia goti langu, na chini ni mawe ya lava, gongo linateleza. Siku moja kijana mmoja, kwa moyo mwema kabisa, alinikumbatia kiunoni akaniinua kama gunia la makaa. Watu wakatazama. Nauli nililipa sawa na wengine, na njia nzima sikusema neno. Angeniuliza tu, "Nikushike wapi?"

Hatuombi hisani. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015; kifungu cha 9 kinautaja usafiri waziwazi. Sheria yetu wenyewe ni ya tarehe 3 Mei 2022.

Wengi huniambia tungoje mabasi ya sakafu ya chini. Mimi nasema tuinue ardhi. Vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Dar es Salaam, vilivyoanza kazi 2016, vimepandishwa hadi usawa wa sakafu ya basi, mwenye kiti cha magurudumu anavuka bila kubebwa. Hesabu yake si ngumu: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Jukwaa la sentimita 30 linataka mita 3 na sentimita 60. Kwa hiyo ule ubao mfupi wa kuegemeza mlangoni, ambao watu wanaupenda sana, kwa mwenye kiti ni ukuta. Mawe yapo: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na waashi wetu wanajenga nayo mpaka leo.

Wenzetu wenye ulemavu wa trisikli, baiskeli za magurudumu matatu, wanaovusha mizigo Petite Barrière, mpakani na Rwanda, jukwaa halitawatosha, maana trisikli haiingii ndani ya Hiace. Wao wanahitaji kwanza kando ya barabara papitike.

Tuanze na jukwaa moja, Birere, na kibao cha jina la njia nyuma ya kioo cha mbele. Ninyi mashofere mliokaa kule nyuma, mita ninayo mfukoni. Tukitoka hapa, twende tukapime mlango wa gari la kwanza.