Kaunta Buku Hii Apewe Nani?

MTANI: Karibuni tena barazani. Tuko Ngamiani, Tanga. Mkisikia kengele, ni baiskeli zinapita nje. Tulifunga dirisha, joto likatushinda, tumelifungua. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, mtani wangu. Joto ungelizoea, babu yako alilikuta hapahapa.

MTANI: (anacheka) Keshaanza huyu. Jamani, Mwalimu ni Mzigua, mimi Mnyamwezi wa mkonge, basi vumilieni. Leo tuna jambo la tuzo. Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, tangu 2003 kinatoa tuzo ya mahusiano baina ya watu wa rangi mbalimbali. Haitazami alama za mtihani. Inamtafuta mwanafunzi wa sekondari aliyehangaika, shuleni au mtaani kwao, mpaka watu waliokuwa wakipitana kando wakasikilizana. Wamekuwa wakitoa hata dola 1,000 taslimu. Nilipoisoma nikakumbuka mahafali yako.

MWALIMU: Miaka yote ile nimekaa meza kuu nikigawa zawadi! Wa kwanza hesabu, wa kwanza biolojia, nidhamu, usafi wa bweni. Kaunta buku, kamusi, pengine ndoo. Hata siku moja hatukumwita mtoto kwa kuwa aliwakalisha wenzake pamoja.

MTANI: Labda sisi shida hiyo hatuna? Nachokoza tu. Kiswahili tunacho, utani tunao, na bweni linachanganya Mdigo, Msukuma na Mhaya.

MWALIMU: Bweni linachanganya vitanda, mwanangu. Nikupe mfano. Nilikuwa na binti kiziwi darasani. Wenzake hawakumtukana, hapana. Walimwacha tu. Saa ya chai yuko peke yake chini ya mwembe. Akatokea msichana mmoja, kichwa cha kawaida, kila mtihani anapita kwa chupuchupu. Akawa anamfuata pale mwembeni, akajifunza lugha ya alama kutoka kwake, kisha akawafundisha watatu. Kufika mwisho wa mwaka, nageuka kutoka ubaoni naona nusu ya darasa inapiga soga kwa mikono. Na kiranja hawezi kuandika majina ya wapiga kelele!

MTANI: (kicheko kirefu) Kelele gani sasa! Na siku ya mahafali?

MWALIMU: Yule msichana aliyejifunza alama alikaa viti vya nyuma akawapigia wenzake makofi. Matokeo yakaja, daraja la nne. Hapo ndipo panaponiuma. Ufadhili wetu unafuata ufaulu. Ule wa Rais Samia ni wa waliong'ara masomo ya sayansi kidato cha sita, na sawa, nchi inataka wahandisi. Ada nayo imefutwa mpaka kidato cha sita tangu 2022. Lakini yule msichana hakukwama kwenye ada, alikwama kwenye alama. Angepata wa kumlipia kozi ya ukalimani wa lugha ya alama, leo ungemwona hospitali, mahakamani, anawasemea watu.

MTANI: Mimi naogopa maigizo. Tangaza kitita leo, kesho kila shule ina klabu ya umoja, fulana mpya, picha na mkuu wa wilaya, basi. Jumatatu kiziwi yuko mwembeni.

MWALIMU: Ndiyo maana hakimu asiwe mwalimu mkuu. Wala mimi. Kamuulize aliyekuwa mwembeni: nani alikuja kukaa nawe kabla ya zawadi kutangazwa? Hatakuficha.

MTANI: Hapo umenigusa. Mimi shuleni niliitwa "manamba", kwa kuwa babu alikuja kukata mkonge. Ukilalamika, unaambiwa ni utani.

MWALIMU: Walikosea. Utani una masharti. Mtani atakutania mpaka ulie, lakini ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, na kazi za msiba anazifanya. Anayekucheka halafu msibani haonekani, huyo anakutukana. Na wangejua! Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Hindorf aliuagiza kutoka Florida, 1893 ikafika miche 62 tu iliyo hai. Nani sasa mwenyeji wa shamba?

MTANI: Alikuwepo mmoja lakini. Mtoto wa Kihindi, kwao wana duka. Yeye aliniita jina langu siku zote, na akawa anawakatiza wengine: "Ana jina huyu." Wakaanza kumzomea yeye. Hakuacha.

MWALIMU: Ninyi mlimpa tuzo gani?

MTANI: (kimya kidogo) Nilikuwa namkatia nusu ya muhogo wangu.

MWALIMU: Basi wewe peke yako ulishaanza. Mimi nitakwenda kuongea na shule moja hapa jirani. Mwaka huu mtoto mmoja tu, achaguliwe na wenzake, alipiwe kozi anayoitaka. Hapa barazani tuchange. Nianze na wewe, mtani. Unatoa shilingi ngapi?

MTANI: Wasikilizaji, muda wetu umekwisha…

MWALIMU: Haujaisha. Saa ninayo mimi.