Bwawa liwe na mtu wake, mama naye awe na wake

Mhadhara wa mkunga kwa kina mama Waswahili, Milton Keynes, Uingereza

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Shikamooni mama zangu. Naona kaka zangu watatu mmejibanza pale mlangoni. Sogeeni mbele, leo maneno yangu mengi ni yenu kuliko ya wake zenu.

Mwenyekiti amenipa dakika 25 na ameniomba nisirudie hadithi ya mpira wa maji. Mwenyekiti, nisamehe.

Wengi mmekwisha kunisikia, kwa hiyo sirudii habari za kliniki wala namna ya kumwambia mkunga wako kwamba unataka kuzalia nyumbani. Mnajua kwamba hapa wakunga wanakuja mpaka sebuleni kwako, na mnajua kwamba siku nyingine hawatoshi, unaambiwa njoo hospitali. Tupite.

Dada mmoja wa Mombasa, mimba ya pili. Mumewe mtu wa kompyuta, mtu wa mipango. Wiki ya 34 bwawa la kuzalia nyumbani, la kujaza upepo, limeshanunuliwa. Pampu ya umeme ipo. Turubai la kutandika chini lipo. Mpira wa maji mpya, bado una karatasi ya dukani. Kipimajoto cha umbo la bata. Mishumaa ya betri, maana moto wa kweli ungeunguza bwawa, hata hilo alilifikiria! Na kwenye simu ya mke ameweka programu ya hipnobathingi, mazoezi ya kutuliza mwili na pumzi wakati wa kuzaa, sauti ya mama wa Kimarekani anayeongea kama mtu anayembembeleza paka.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakuwahi kuuchomeka ule mpira kwenye bomba.

Napigiwa simu, nafika saa 8 usiku. Mlango unafunguliwa na mamamkwe, bibi wa Mji wa Kale, leso kiunoni. Hata salamu hakuimaliza. "Weye ndiwe mkunga? Hebu mwambie mwanangu awate wazimu." Napanda juu. Bwana yuko bafuni, bomba la kisasa lina mdomo wa mraba, kiunganishi cha mpira ni cha duara. Amefunga gundi ya karatasi, amefunga gundi nyeusi ya umeme, maji yanamrukia usoni. Akashuka jikoni, kule kikaingia. Mpira ukapanda ngazi, ukapita juu ya zulia la mwenye nyumba, maji yakaanza kuingia bwawani. Alhamdulillahi. Robo saa baadaye maji ya moto yakakatika. Bwawa lile linataka zaidi ya lita 500, na tangi la nyumba ile halikufika hata robo yake. Sasa ni birika. Sasa ni sufuria la pilau. Mwanamume anapanda na kushuka ngazi na sufuria la pilau la maji ya moto, jasho linamtoka, na kila akipita ananiuliza mimi, "Nyuzi joto ngapi sasa?"

Mkewe yuko wapi? Chumbani, amepiga magoti kando ya kitanda, peke yake. Ninaingia kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, nakuta simu inamwambia kwa Kiingereza afikirie ua la waridi linafunguka taratibu. Uchungu ukamjia, akaishika ile simu akaitupa kwenye kapu la nguo chafu. "Mzimeni huyo!"

Ndipo yule bibi akaingia. Hakuuliza mtu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja chini ya mgongo wa mkwewe, penye mfupa, akakandamiza. Akaanza, "Yaa Latiif... Yaa Latiif..." polepole, kila moja pumzi nzima. Uchungu wa kwanza yule dada aliupigia kelele. Wa pili akaanza kuitikia. Wa tatu walikuwa na pumzi moja. Mimi nikahesabu kimoyomoyo, kazi yangu inanituma kuhesabu: anavuta kwa nne, anatoa kwa nane. Ndicho hasa kile mama wa Kimarekani alichokuwa akifundisha kwa paundi kadhaa kwa mwezi.

Mtoto alizaliwa saa 10 kasorobo, juu ya leso, mama akiwa magotini. Bwawa lilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Mkunga mwenzangu akafika kondo la nyuma linatoka. Na bwana akatokea mlangoni na sufuria lake, akamsikia mwanawe analia, akabaki amesimama, hajui pa kulitua. Bibi akamtazama. "Hayo maji yatie majani ya chai."

Mnacheka. Mimi sikucheka usiku ule. Yule bwana alimkosa mkewe kwa saa mbili, na hakuwa mvivu wala mkorofi, alikuwa anahudumia bwawa! Kwa hiyo kila ninapokwenda nasema hivi: bwawa liwe na mtu wake, na mama awe na mtu wake, na wasiwe mtu mmoja. Kama mko wawili tu nyumbani, shemeji aitwe, jirani aitwe, au bwawa lisiwepo.

Sasa hii hipnobathingi. Jina baya. Ukilitaja, shangazi anadhani unapandishwa mashetani. Hakuna saa ya mnyororo inayoning'inizwa, hakuna kulala usingizi, hakuna mtu kukutawala akili. Unajizoeza wiki nyingi kabla kulegeza taya, mabega na viganja, unajizoeza pumzi ndefu ya kutoa, na unajizoesha maneno fulani mpaka mwili ukiyasikia unatulia. Chanzo chake ni fikra ya daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliyoiandika 1933: hofu inakaza mwili, mwili uliokazika unauma, maumivu yanaongeza hofu. Nusu karne baadaye Mmarekani Marie Mongan akaichukua akaifanya darasa.

Huyo Dick-Read mimi ninagombana naye. Aliamini wanawake aliowaita wa kishenzi wanazaa bila shida, kwamba maumivu ni ugonjwa wa ustaarabu. Baadaye akahamia Afrika Kusini na kusafiri bara letu kututazama. Na nyinyi wenyewe mnamrudia! Kila nikimaliza kusema, lazima atokee mmoja: "Mkunga, sisi Waafrika tuna nguvu, bibi yangu alizaa shambani akaendelea kulima." Bibi yako alizaa shambani. Dada yake bibi yako je? Huyo hamumtaji, kwa sababu hakuacha wajukuu wa kumsimulia. Tanzania, utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104, na wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Waliokufa hawakufa kwa kukosa kuvuta pumzi. Walitokwa damu. Walishikwa na kifafa cha mimba. Kwa hiyo nakuombeni, picha zenu za bwawa na mishumaa msimtumie binamu aliyeko kijijini Muheza mkamwambia "na wewe jaribu". Nyumbani kwako hapa kuna wakunga wawili wenye leseni, sindano ya kuzuia damu, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, na ambulensi inayoitika simu. Neno "nyumbani" ni moja, ila si nyumba moja.

Basi hipnobathingi inafaa kitu? Inafaa, msiivimbishe tu. Jaribio kubwa la hapa Uingereza, wanawake 680, matokeo yake 2015: waliofundishwa na wasiofundishwa waliomba sindano ya ganzi ya mgongoni karibu sawasawa. Ila waliofundishwa hofu yao ilipungua kuliko walivyotazamia wenyewe. Kwangu hiyo inatosha. Mtu mwenye hofu kidogo anasikia ninachomwambia.

Walimu wa hipnobathingi hawataki neno maumivu. Wanasema "wimbi". Kwetu wapi? Sisi neno la uzazi lenyewe ni uchungu, na tuna methali juu yake, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi silitupi. Lakini tunalo jingine ambalo Wazungu hawana: kujifungua. Sikilizeni. Ku-ji-fungua. Hufunguliwi na daktari, hufunguliwi na mkunga. Mama wa Kimarekani anahitaji ua la waridi ili aseme hicho, wewe kitenzi chako kimeshasema. Kwa hiyo rekodi sauti yako, kwa lugha yako. Mwenye nyiradi aweke nyiradi, mwenye pambio aweke pambio. Mwenye mama aliye hai amrekodi mama yake, hata akiwa Tandale anaongea na kelele za bodaboda nyuma.

Bwawa. Naona mwenyekiti ameanza kutazama saa, nitakwenda mbio.

Maji yanapunguza maumivu, hilo halina ubishi. Daktari Mfaransa Michel Odent alikuwa nalo hospitalini kwake Pithiviers, Ufaransa, tangu miaka ya 1970. Na utafiti wa 2024, wanawake zaidi ya 60,000 waliotumia bwawa hapa Uingereza, ulionyesha kwamba kwa mimba isiyo na tatizo kuzalia majini hakukuongeza hatari kwa mtoto wala kuchanika vibaya kwa mama. Maji yasizidi nyuzi 37.5, tunapima kila saa. Usilijaze siku tatu kabla ukaliacha linajipasha moto: mwaka 2014 mtoto aliyezaliwa nyumbani katika bwawa la aina hiyo alipata ugonjwa wa mapafu wa Legionella, bakteria wa maji ya vuguvugu yaliyokaa. Mtoto akitoka anapandishwa juu taratibu, uso kwanza, na kichwa kikishapata hewa hakirudi majini. Mkunga akisema toka bwawani, unatoka. Halafu chujio. Msiniulize la nini. Haya nitasema: mtoto akishuka, choo nacho hutangulia. Chujio hilo lisirudi jikoni, hata likioshwa mara saba.

Anayezaa mara ya kwanza anisikilize. Utafiti mkubwa wa England wa 2011, karibu wanawake 65,000, wote wenye mimba salama. Waliokuwa wameshazaa, mtoto hakuonekana kuwa katika hatari zaidi nyumbani kuliko hospitali. Wa mara ya kwanza, mambo mazito, yaani kifo cha mtoto, kuumia ubongo na mfano wa hayo, yalikuwa 9.3 kwa kila 1,000 waliopanga nyumbani, 5.3 waliopanga hospitali. Ni machache, lakini si sawa. Na katika kila 100 wa mara ya kwanza waliopanga nyumbani, 45 walihamishiwa hospitali. Karibu nusu! Kwa hiyo begi la hospitali likae mlangoni, na ujue kabla nani anabaki na watoto. Nimewahi kutazamwa na mama kwa macho ya kuniomba nisitamke neno ambulensi, kama vile ninamfelisha mtihani. Nikalitamka.

Najua mnalofikiri. "Hospitali hawatusikilizi." Siwezi kuwabishia. Ripoti za hapa zinaonyesha mwanamke mweusi anakufa kwa uzazi zaidi ya mara mbili ya mweupe. Lakini kukimbilia bwawani kwa sababu ya hasira ni jambo jingine. Presha ikipanda, hiyo hasira haitaishusha. Nenda na mtu wa kukusemea, na ukiambiwa "ni kawaida", mwambie aandike kwenye faili lako kwamba amesema ni kawaida.

Nilikuwa na kurasa mbili juu ya damu baada ya kuzaa. Mwenyekiti amesimama. Basi moja tu: ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au ukitoa bonge kubwa, usinitumie picha WhatsApp. Piga 999.

Kaka zangu, kwenye ule mfuko wa bluu nimeleta viunganishi vya bomba, duara na mraba. Kila mmoja achukue kimoja akakijaribu leo, kabla ya kula. Kisipoingia nipigie kesho mchana, si saa 8 usiku.