Mkataba wa Kabla ya Ndoa: Zungumzeni Mali Mapema

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi wachumba mliokaa wawili wawili hapa mbele, asanteni kwa kuja.

Naanza na jambo linalosahaulika sana: hakuna ndoa isiyo na masharti ya mali. Msipoandikiana mkataba wa kabla ya ndoa, yaani makubaliano kuhusu mali na madeni yenu, sheria ya nchi imekwisha kuwaandikia. Ufaransa, wasio na mkataba huhesabiwa kuwa mali waliyochuma wakiwa ndani ya ndoa ni yao wote wawili, na kile alichokuja nacho kila mmoja kinabaki chake. Afrika Kusini, wanaofunga ndoa ya kiserikali bila mkataba mali zao huunganishwa zote, hata za zamani, na madeni nayo huunganishwa. Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 huangalia mchango wa kila mmoja, na inatambua kwamba kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango. Sheria hiyohiyo inawaruhusu wachumba kuandikiana mkataba kabla ya ndoa.

Basi ombi langu la kwanza ni dogo: yasomeni masharti mliyokwisha kuandikiwa, kisha muulizane kama yanawafaa.

Nimeshasikia mara nyingi hoja kwamba kuandika mkataba ni kuiita talaka. Wanaosema hivyo nawaheshimu, maana wanaitetea ndoa. Lakini hebu tazameni mambo yanayoandikwa humo. Mmoja wenu ana biashara na atakopa. Biashara ikianguka, wadai watafika hadi kwenye nyumba ya familia? Mwingine alifiwa na mwenzi akaachiwa watoto, na sasa anaoa au kuolewa tena. Nyumba aliyoijenga na marehemu itakuwa ya nani siku naye akifa? Huyu ana mkopo wa masomo ambao mwenzake hajawahi kuusikia. Hapo talaka haijatajwa, na bado kila swali linaweza kuivunja nyumba likiachwa bila jibu.

Sasa nifike kwenye lile ninalolijali kuliko yote. Watu wengi hudhani mkataba huu ni ngao ya tajiri. Mimi naamini anayeuhitaji zaidi ni yule atakayepunguza kipato chake kwa ajili ya familia, na mara nyingi huyo ni mwanamke. Akiacha kazi miaka kumi alee watoto, hapotezi mshahara peke yake. Hupoteza pia vyeo na akiba ya uzeeni. Mwenzake anaendelea kupanda. Andikeni mapema kwamba katika miaka hiyo fungu fulani litawekwa kwa jina lake, au kwamba nyumba itakuwa ya wote hata kama malipo yanatoka mfuko mmoja. Kuyasema hayo leo, wakati kila mmoja anamtakia mwenzake mema, ni rahisi kuliko kuyasema mkiwa na hasira.

Ila mkataba unaweza pia kuwa chombo cha kuonea. Mtu akiwekewa karatasi mezani siku mbili kabla ya harusi, wageni wako njiani, hiyo ni hiari gani? Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba mkataba uliomlemea upande mmoja mwanamke mjamzito, akiwa hana nguvu ya kujadiliana, haupaswi kuachwa usimame bila kuchunguzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mikataba hii ipewe uzito iwapo kila mmoja aliingia kwa hiari na kuelewa matokeo yake, isipokuwa pale ambapo kuitekeleza hakutakuwa haki. Jimbo la California nalo linataka zipite siku zisizopungua 7 tangu kupewa mkataba wa mwisho hadi kutia saini.

Kwa hiyo kila mmoja awe na wakili wake mwenyewe. Na kila mmoja ataje mali na madeni yake yote, asifiche hata akaunti moja; atakayeficha anaweza kuona mkataba wote ukibatilishwa mahakamani. Matunzo ya watoto msiyapunguze kwa karatasi. Hiyo ni haki ya mtoto, na mahakama itaangalia maslahi yake bila kujali mlichoandikiana.

Anzeni miezi kadhaa kabla ya harusi. Kikao cha kwanza kiwe cha ninyi wawili tu, bila wazazi na bila mawakili, kila mtu na orodha yake. Mtoto akizaliwa, au mkihamia nchi nyingine, utoeni mkataba mpelekeeni wakili wa huko ausome upya, kwa sababu uliokubalika mlikotoka unaweza usikubalike mlikofika.

Sasa nakaribisha maswali, na ningependa wachumba waanze.