Anatoka Getini na Koo Lake: Freddie Mercury, Queen, na Mwimbaji Anayeaga Bendi

Mwadila, ndugu zangu. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Swali nililopewa jioni hii halijawahi kukauka hapa Mwanza. Bendi zote nilizopitia, za Kirumba, za Mabatini, mpaka ile iliyokuwa ikipiga kila Ijumaa kule Igoma, lilikuwepo: huyu mwimbaji wetu akiondoka, atafika? Naye mwimbaji analo la kwake, analigeuza kichwani akirudi nyumbani usiku wa manane: hawa wananibeba, au ni mimi ninayewabeba?

Nimepiga besi miaka 22. Mpiga besi husimama nyuma, ubavuni mwa drams, na kazi yake kubwa ni kumsikiliza mwimbaji. Uso wake haoni, anaona mgongo. Ninayowaletea leo nimeyaona kutoka huko nyuma.

Mfano wangu mkubwa ni mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Kiparsi. Alipelekwa India kwenye shule ya bweni, Panchgani, na huko akaingia bendi ya shule. Shikeni hili: kwenye bendi hiyo alikuwa anapiga piano. Mwimbaji alikuwa mwenzake. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970, pale London, yeye na Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa drams wakaanzisha bendi ya Queen, na mwaka uliofuata akaingia John Deacon kwenye besi. Farrokh sasa akawa Freddie Mercury. Wanne hao hawakubadilika mpaka Freddie alipofariki, tarehe 24 Novemba 1991. Miaka 20 watu wale wale! Sisi hapa bendi ikimaliza miaka mitatu bila mtu kuhamia kwa jirani, tunachinja mbuzi.

Wengi hudhani Queen ilikuwa Freddie na wapigaji wake. Basi tuitazame siku ambayo dunia nzima ilimwona. Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Queen walipewa kama dakika 20. Wiki 11 tu kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili, Freddie alikuwa ametoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, Mr. Bad Guy. Wewe una albamu mpya mkononi, na televisheni za dunia zimekuelekea. Utafanya nini? Utachomeka japo wimbo mmoja. Freddie hakuchomeka hata mmoja. Zilipigwa nyimbo sita, zote za Queen: tatu alitunga yeye, mbili Brian May, moja Roger Taylor. Na ile Radio Ga Ga, ambapo uwanja mzima unapiga makofi mikono juu na kila mtu anasema huyo ndiye Freddie, imetoka kwenye kalamu ya mpiga drams.

Hapa lazima nirekebishe jambo moja, maana vijana wengi habari hii wameipata kwenye filamu ya 2018 kuhusu Freddie na Queen. Filamu inaonyesha kundi lilivunjika, na Wembley ndiyo siku ya kupatana. Sivyo ilivyokuwa. Mei mwaka huo huo walikuwa Japani, wote wanne, jukwaani. Na wa kwanza kati yao kutoa albamu yake kando alikuwa Roger Taylor, tangu 1981. Kwa hiyo kutoka kidogo na kurudi kwao hakukuwa uasi. Natamani na sisi tungefika hapo.

Sasa albamu yenyewe. Aliirekodi Munich, Ujerumani, studio za Musicland, pamoja na fundi Reinhold Mack. Studio hizo Queen walizijua vizuri, na Mack ndiye aliyekaa nao kwenye albamu ya 1980 yenye wimbo wa John Deacon ulioshika namba moja Marekani, Another One Bites the Dust. Wapiga besi mliopo hapa mnaujua. Wimbo wote umepanda juu ya besi kama nyumba juu ya msingi. Kwa hiyo studio ile ile, fundi yule yule, koo lile lile. Waliokosekana ni watatu tu. Uingereza albamu ilifika nafasi ya 6. Marekani haikuingia hata kwenye mia bora. Na Freddie, mpaka anafariki, hakufanya ziara hata moja ya peke yake.

Mtu atasema mauzo siyo kipimo, na mimi nakubali. Ndiyo maana nimeomba tuletewe spika. Kwenye albamu ile upo wimbo unaitwa I Was Born to Love You. Mwaka 1995, Freddie akiwa hayupo tena duniani, wenzake watatu waliichukua sauti ile ile aliyoiacha, wakapiga muziki upya chini yake, wakauweka kwenye albamu ya Queen, Made in Heaven. Ni mara chache sana tunapata kipimo cha namna hii, mwimbaji mmoja kwa kuimba kule kule, mara bila kundi, mara na kundi. Fundi, tuwekee wa 1985, halafu bila kusubiri tuwekee wa pili.

(Nyimbo mbili zinapigwa.)

Mmesikia? Ule wa kwanza ni mzuri, sitaki mtu atoke hapa akisema nimeuponda. Vinanda vinang'aa, mdundo wa disko unakwenda sawasawa kama cherehani. Lakini sauti inapanda, muziki umekaa pale pale. Anapaza, hakuna anayemjibu. Kwenye wa pili, akimaliza mstari tu, gitaa la Brian May linadakia kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake ya kusema. Drams za Taylor zinamsukuma mgongoni. Pumzi ni ya 1985, lakini sasa anasikika kama mtu anayebishana na watu anaowapenda, na ubishi huo unampendeza.

Hapo ndipo nilipopashikilia miaka yote hii. Mwimbaji anaweza kustawi nje ya kundi lake. Kitu kinachomwangusha ni kukosa mtu mwenye haki ya kumkatalia. Mpigaji wa kukodi ukimwambia piga hivi, anapiga hivyo hivyo, anachukua chake, anaondoka. Ana sababu gani ya kukuambia kaka, ubeti wa tatu umelegea, urudie? Kesho hayupo. Mwenzako wa bendi kesho yupo, na wimbo mbovu utamfuata mpaka kwake.

Ndiyo maana Freddie huyo huyo alipofanya Barcelona na Montserrat Caballé, mwaka 1987, na albamu yao mwaka uliofuata, mambo yakawa mengine kabisa. Yule mama wa Kihispania alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera duniani. Hakuja kuitikia ndiyo bwana. Kwenye kinanda na utunzi alikuwepo Mike Moran, mwanamuziki kamili. Freddie alisimama na mtu ambaye angeamua kumfunika, angemfunika. Sikilizeni anavyoimba pale, kama mtoto aliyeingia darasa la wakubwa na amejiandaa. Wimbo ulishika nafasi ya 8 Uingereza, na mwaka 1992, wakati wa Olimpiki za Barcelona, yeye akiwa kaburini, ukapanda hadi ya 2. Sting naye, mwimbaji wa Uingereza, alipoiweka kando bendi yake, The Police, mwaka 1985 alikwenda kuwafuata wapiga jazi wa Marekani, akina Branford Marsalis wa saksafoni na Kenny Kirkland wa kinanda, watu ambao kwenye fani ile walimzidi. Akastawi.

Turudi nyumbani. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, na hakuna aliyethubutu kusema amepotea, mpaka ajali ilipomchukua Januari 1979. Lakini Mbaraka aliondoka na gitaa la solo mkononi na nyimbo kichwani, na alichokwenda kuanzisha ni bendi nyingine, Super Volcano. Mzee wetu Muhidin Gurumo aliiacha Msondo mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, baadaye Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Alihama, akahama tena, na kote huko hakukaa nje ya bendi. Pale Mlimani Park alikuwa na Michael Enoch, mpangaji wa muziki ambaye ukikosea anakusimamisha.

Na kwetu liko jambo ambalo Uingereza halikuwa na uzito huu. Vyombo vilikuwa vya shirika au vya tajiri. Mwimbaji akiaga, magitaa yanabaki, spika zinabaki, na mara nyingi nyimbo nazo zinabaki. Anatoka getini na koo lake.

Wasukuma walishaliona hili kabla ya umeme wa jukwaani. Nendeni kwenye tamasha la ngoma la Bulabo, pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita. Vikundi viwili vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa aliyewavuta watu. Ningi ndiye anayetunga na kuongoza. Anaweza kuwa na maneno ya kumlaza simba, lakini waitikiaji wake wakipoa, nimeona kwa macho yangu umati unageuza miguu kwenda upande wa pili kabla ubeti haujaisha.

Niwape na la kwangu. Mwaka mmoja tulivuka kwenda Nansio kupiga Pasaka. Mwimbaji wetu alikaa juu ya meli njia nzima, upepo wa ziwa ukampiga, akashuka na mafua. Wimbo wa kwanza, alipofungua mdomo tu, mpiga solo akageuka akanitazama. Wa pili tulizoea kuupiga kwenye ufunguo wa G. Niliangalia vidole vyake, vikashuka F, ili koo lisipande sana, na mimi nikaenda F. Hakuna aliyesema neno. Mwimbaji akaona njia imelainika, akaimba mpaka saa tisa za usiku. Hakujua. Nilimwambia miaka mitatu baadaye, akakaa kimya muda mrefu.

Huyo huyo ndiye aliyetuaga. Simlaumu. Mwenye bendi alikuwa akitulipa kidogo, na wiki nyingine halipi kabisa. Mwimbaji ana watoto kama mimi. Promota mmoja akamwambia hawa unawabeba bure. Akaanza kupanda jukwaani na flashi, anaimba pleibeki ya nyimbo zetu. Nilikwenda kumsikiliza kwenye harusi moja mjini. Koo lake lilikuwa limechoka siku hiyo, nilijua tangu alipojaribu maiki. Muziki ukaanza kwenye G. Vidole vyangu vilikuwa juu ya meza, pembeni ya soda, navyo vikaanza kuitafuta F. Flashi haishuki. Alipofika kwenye kiitikio, akawanyooshea watu maiki waimbe wao.

Msidhani wale wa Queen walikuwa malaika. Waligombana, na waligombana kuhusu hela. Santuri ndogo za zamani zilikuwa na pande mbili. Watu wananunua kwa ajili ya wimbo wa upande A, lakini mtunzi wa upande B analipwa sawa. Bohemian Rhapsody ya 1975 ni ya Freddie. Upande wa B kulikuwa na wimbo wa Roger Taylor unaosifu gari, naye akavuna kama mwenzake. Maneno ya namna hiyo yaliwala kwa miaka. Dawa waliipata kwenye albamu ya 1989, The Miracle: nyimbo zote zikaandikwa zimetungwa na Queen, bila jina la mtu mmoja. Vijana wangu, mwimbaji wenu mkimpenda, kaeni chini muandike nani anapata nini kabla wimbo haujatoka. Wengi ninaowajua hawakuondoka kwa sababu ya umaarufu. Waliondoka kwa sababu ya ada ya shule.

Upo upande mwingine wa swali ambao sikuulizwa, wa kundi lililobaki. May na Taylor waliendelea. Walipiga na Paul Rodgers, baadaye na Adam Lambert, na viwanja vinajaa. John Deacon hakuweza. Alijitokeza mara chache, na tangu 1997 ameacha kabisa. Mimi mpiga besi namwelewa.

Sisi tulipata mwimbaji mwingine ndani ya mwezi, kijana wa Sengerema, koo safi kuliko la yule wa kwanza. Wiki ya pili ya mazoezi alisimamisha wimbo katikati, akanigeukia. "Kaka, mbona kila tukifika hapa unanyamaza?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwomba mpiga drams atuhesabie tuanze upya. Palikuwa pale ambapo mwenzetu alikuwa akivuta pumzi.