Saba walilala kwao usiku mmoja

Assalaam aleikum familia, habari za huko nyumbani, Likoni, Mtongwe, Kisauni, na nyinyi mlioko bara pia karibuni, ni dada yenu niko hapa Uganda, mwaka wa saba sasa. Leo kwenye hii video hamtaona sura ya mtu isipokuwa yangu. Mtaona mikono, mtaona miguu ndani ya beseni, magurudumu, sufuria, hayo tu. Na mji siutaji, na nyinyi nawaomba sana huko kwenye komenti msianze kukisia eti kile kilima ni cha wapi, manake mtu anaweza kulala seli kwa sababu ya komenti yako.

Hizi picha, za usiku ambao rafiki zangu waliwalaza wageni saba wa baiskeli, nimekaa nazo miezi. Wenyewe ndio wameniambia sasa weka, sisi tushahama ile nyumba, watu wajue ile siku ilikuwepo.

Mwajua mimi nina kibanda changu cha chai na mahamri, Ijumaa biriani. Wateja wa asubuhi ni madereva wa trela, wale watu wetu wa kutoka Mombasa kwenda Kampala mpaka Kigali, hao ndio wanafanya Kiswahili changu kisilale. Halafu kuna hawa wengine, wanne watano hivi, wanakuja saa nne watu wakishapungua, wanakaa kule ndani pembeni. Ni watu wa transi. Kwa ambaye hili neno ni geni, ni mtu alizaliwa akaandikwa mwanamume na yeye anajijua ni mwanamke, au kinyume chake, na anaishi vile anavyojijua. Wao hapa wanajiita kuchu, hilo ndilo neno lao la kuitana kwa upendo, la matusi lipo jingine na silitamki. Mimi nimekua nikijua shoga ni rafiki yako wa kike, nyanya yangu alikuwa anawaita mashoga zake waje barazani kusuka ukili, sasa siku za mwanzo hapa nikamwita dada mmoja wao "shoga yangu" kama ninavyomwita yeyote, jamani yule dada alishtuka akaangalia mlango. Niliumia. Ilibidi nimweleze pole pole mpaka akatabasamu.

Sasa kuna muuguzi mmoja anayewasaidia, siku hiyo akaja na habari kwamba kuna watu saba wako njiani na baiskeli, wanne Waafrika na watatu Wazungu, wametoka Mombasa wanaelekea Kigali, wanachangisha pesa za huduma za VVU. Mnakumbuka Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, hapa ilikuwa kama umeme umekatika kila mahali kwa wakati mmoja. Vituo vilivyokuwa vinaendeshwa na pesa za PEPFAR, mpango wa Marekani wa UKIMWI, na USAID, shirika lao la misaada, vikaanza kufungwa, wafanyakazi wakaambiwa msije kazini, na hawa ndugu zangu waliumia zaidi sababu walikuwa na sehemu zao ndogo za kuchukulia dawa ambako hakuna anayemuuliza mtu mbona kitambulisho kimeandikwa mwanamume na wewe umevaa gauni. Ikawa lazima waende foleni ya hospitali kama wengine wote, sawa, lakini pale jina linaitwa kwa sauti, jina la kiume kutoka kwenye kitambulisho, na anayesimama ni dada aliyevaa gomesi, lile gauni la wanawake wa hapa, ukumbi mzima unageuka. Kuna mmoja alisimama hivyo mara moja tu, hakurudi miezi mitatu. Na ARV ni dawa ya kila siku, ukiiacha virusi vinapanda, vinaweza hata kuizoea dawa, halafu ubadilishiwe nyingine ambayo ni ngumu kupatikana. Miezi mitatu jamani! Nilikuwa nampa uji na hajaniambia kitu.

Kwa hivyo muuguzi akauliza, hawa saba nani anaweza kuwalaza usiku mmoja. Wale wateja wangu wa transi wanaishi wanne pamoja, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Dada mwenyeji akasema leteni kwetu.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia dada umefikiria? Manake sheria mnaijua, ile Rais Museveni aliyoitia saini tarehe 26 Mei 2023, kifungo cha maisha kwa mapenzi ya jinsia moja, kuna makosa mengine ndani yake adhabu ni kifo, na ukisemwa unakuza mapenzi ya jinsia moja ni miaka hadi 20. Kuwa transi kwenyewe hakukubaki kuwa kosa, mswada wa Machi ulikuwa unataka hata kujitambulisha tu kuwe kosa wakakitoa hicho kipengele kabla hajasaini, lakini mtaani nani anasoma vipengele? Watu wanaona gauni wanaita polisi. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaiacha karibu yote, ikafuta vichache, kile cha kumwadhibu anayewapangisha nyumba kikafutwa na kile cha kulazimisha watu wawaripoti wenzao pia kikafutwa, na bado mwenye nyumba akisikia minong'ono anatetemeka vilevile, anatoa notisi. Sasa wewe unaingiza wageni saba na Wazungu ndani, mtaa mzima utakuja kuchungulia.

Akaniambia, "Hawa wanapiga pedali kwa ajili ya dawa zangu, mimi nishindwe kuwapikia?" Nikanyamaza, nikaenda kuongeza unga.

Lakini kulikuwa na jambo la mwenyekiti. Hapa kila kijiji kina mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kama vile mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa kwa watazamaji wangu wa Tanzania, wageni wakilala ni vizuri ajue. Na hawa wana kumbukumbu na wenyeviti. Mwaka 2005 ni mwenyekiti wa LC1 aliyeingia nyumbani kwa Victor Mukasa, mtetezi wa haki ambaye ni transi, mwenyewe hayupo, akabeba makaratasi yake, na mgeni aliyekuwemo ndani akakamatwa, akafika polisi akavuliwa nguo. Mgeni, sikizeni hilo! Mukasa akaenda mahakamani na Disemba 2008 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilivunjwa na serikali ilipe fidia. Hiyo kesi wale wanaijua kama mimi ninavyojua Alhamdu. Na bado dada akajifunga leso akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti kusema kesho nina wageni wa safari.

Walifika saa kumi na mbili jioni, mvua imewapiga tangu mchana, wamejaa tope jekundu mpaka kwenye kope. Watoto wa mtaa wanawakimbilia wanapiga kelele mzungu mzungu, na wamama wanasema "kulikayo, kulikayo," ndivyo Waganda wanavyompokea mtu aliyetoka safari. Nikamsikia mmoja wa wale Waafrika anauliza kuna chai, kwa lafudhi ile, nikamwambia wewe ni wa wapi akasema Mariakani. Wallahi machozi yalinitoka. Watu wametoka kwetu, wamepanda Mazeras, wamepita Voi na Mtito Andei na trela zinawasukuma pembeni ya lami, wamepanda mpaka Timboroa kwenye baridi, wamevuka mpaka Malaba, kilomita zaidi ya 900 kwa miguu yao kabla hata ya kuigusa Uganda, na wamefika kupiga hodi kwenye nyumba ambayo majirani wengine hawaisalimii.

Hapa ndiyo mnaona yale mabeseni. Maji ya moto na chumvi, mmoja mmoja anaweka miguu. Hiyo mikono yenye madoa meusi ni ya dada mwenyeji, ni utomvu wa matoke, alimenya mkungu mzima tangu adhuhuri, akaupika ndani ya majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga na samaki mkavu. Mimi nilileta mahamri 60, yakaisha usiku uleule. Nguo zao zilizofuliwa tulizianika ndani, kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa kalenda, tulikuwa tunakula matone yanatuangukia na hakuna aliyesema kitu.

Mmoja wa wale Wazungu, binti mpole sana, akaniuliza kwa sauti ya chini amwite mwenyeji kwa neno la kiume au la kike, manake Kiingereza chao kinakulazimisha kuchagua na alikuwa anaogopa kumkosea. Nikamwambia kwa Kiswahili ni yeye. Akiwa baba ni yeye, akiwa mama ni yeye. Akarudia, yeye, yeye, usiku mzima akawa analitumia, yeye amepika, yeye amelala, hata sufuria aliiita yeye.

Mwenyekiti alikuja saa mbili na tochi. Nawaambia moyo ulikuwa kooni. Mzee akasimama mlangoni akazitazama zile baiskeli saba zimeegemezwa ukutani, akainama, akaligeuza pedali moja kwa kidole, likazunguka bila sauti. Akakaa. Akasema yeye ujana wake alikuwa boda boda kule Busia, wakati boda boda ni baiskeli, kiti cha sponji nyuma, unambeba mtu na mzigo wake kutoka mpaka wa huku hadi mpaka wa kule, "border, border" kwa Kiingereza, ndipo jina lilipotoka, hizo pikipiki zimekuja baadaye kabisa. Akawaonyesha kovu la cheni kwenye mguu. Wakamuonyesha yao. Akanywa chai vikombe viwili, akamwambia dada mwenyeji wageni wale walale salama, akamwita nnyabo, mama, mbele ya watu wote. Sijui kama anajua na sitaki kumuuliza. Alipoondoka dada aliingia jikoni akakaa chini kwenye gunia la mkaa, na mimi nikakaa naye.

Baiskeli moja spoku ilikuwa imekatika, gurudumu la nyuma, upande wa gia, na hapo kwa kawaida unatoa gia zote na kifaa cha kuzitolea hawakuwa nacho. Hii mikono mnayoiona sasa ni ya kijana wao, mwanamume wa transi, fundi baiskeli, alifunzwa na babu yake. Gereji aliyokuwa akifanya kazi walimtoa siku walipotaka kopi ya kitambulisho. Sasa anafanyia chini ya mfenesi, sanduku lake la vifaa ni debe la mafuta ya kupikia. Alichukua spoku ya gurudumu bovu, akaikata, akaikunja kichwa kama zeti, akaipenyeza kwenye tundu bila kugusa gia, akaikaza. Halafu angalieni hapa, anazigusa spoku moja moja kama nyuzi za udi, anasikiliza, inayolia nyembamba anailegeza, inayolia nzito anaikaza, gurudumu likanyooka. Mwenye baiskeli akatoa pesa. Akakataa. Akaomba tu ile spoku iliyokatika.

Alfajiri wakaondoka. Walitaka picha ya pamoja na wenyeji wao, dada akasema hapana, akawashika mikono wote saba. Fundi akatoa ile baiskeli nyeusi ya babu, nzito, breki za vyuma, akawasindikiza hadi lami inapoanza mteremko, mimi nikafungua kibanda kama kawaida na madereva wakaanza kuja.

Alirudi saa mbili na nusu, jasho mpaka mgongoni, anacheka peke yake. Hakungoja saa nne na hakuenda pembeni, alikaa pale mbele kwenye benchi katikati ya madereva, akala mahamri mawili na maharage ya nazi, dereva mmoja akamuuliza habari ya kuinyoosha rimu ya baiskeli ya mtoto wake, akamwambia ilete.