Uelewe Mwezi kwa Taa na Mpira

Karibuni watazamaji. Leo hatutauangalia Mwezi pichani tu, tutauunda chumbani. Tafuta taa moja isiyo na kifuniko, mpira mdogo mweupe unaoenea kiganjani, na penseli ya kuushikilia ili vidole visizibe mwanga. Kama mpira hauchomeki, ubandike kwa gundi. Kisha utie alama ya wino upande mmoja, tutaihitaji mbele ya safari.

Hatua ya kwanza. Weka taa iwe usawa wa kichwa chako, funga mapazia, zima taa nyingine zote. Taa ndiyo Jua, kichwa chako ndicho Dunia, na mpira ndio Mwezi. Vipimo vyetu haviendani na uhalisia, niseme mapema. Kipenyo cha Mwezi ni kilomita 3,474, cha Dunia ni kilomita 12,742, na umbali kati yao ni wastani wa kilomita 384,400. Kwa kichwa chenye upana wa sentimita 20, mpira ungepaswa kukaa mita 6 kutoka ulipo. Mkono haufiki huko, basi tuendelee hivihivi.

Hatua ya pili. Ielekee taa, nyosha mkono, na uushike mpira juu kidogo ya usawa wa taa. Upande unaokutazama ni mweusi. Hapo ndipo Mwezi hauonekani mtu akiutafuta angani. Sasa geuka polepole kuelekea kushoto, mwili mzima, mkono ukiwa umenyooka vilevile. Ukingo mwembamba wa kulia unaanza kuwaka: hilali hiyo, mwezi umeandama. Endelea mpaka taa iwe upande wa bega lako la kulia, uone nusu inang'aa. Geuka tena mpaka uipe taa mgongo, ukiuinua mpira juu ya kichwa ili usiukinge. Sasa uso wote unawaka, huo ni mwezi mpevu. Ukimalizia mzunguko, mwanga unapungua kutokea kulia, na sehemu ya mwisho kubaki ni ukingo wa kushoto.

Rudia zoezi hili mara mbili tatu kabla ya kwenda mbele. Angalia vizuri: muda wote nusu ya mpira ilikuwa inawaka. Kilichobadilika ni pembe unayoitazamia nusu hiyo. Wengi, hata watu wazima waliosoma, huamini kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoumega Mwezi kila usiku. Kivuli cha kichwa chako hakijaugusa mpira hata mara moja, na bado umeona maumbo yote.

Angani mzunguko huo, kutoka mwandamo hadi mwandamo, huchukua takriban siku 29.5. Tena ukiwa karibu na ikweta usibabaike: pale hilali ya jioni hulala chali kama mtumbwi, kwa sababu Jua limezama karibu moja kwa moja chini yake. Kulia na kushoto nilikotaja ni kwa mtazamaji aliye kaskazini ya mbali. Aliye kusini ya mbali huona kinyume.

Hatua ya tatu, sasa ile alama ya wino. Zunguka tena, lakini hakikisha alama inakutazama wewe daima. Mwombe mtu asimame ukutani akuangalie. Wewe unaona upande mmoja tu, yeye anauona mpira ukijigeuza mzunguko mzima. Ndivyo Mwezi ulivyo: hujizungusha mara moja kwa kila safari yake moja ya kuizunguka Dunia. Upande wa pili haukuwahi kuonekana na mwanadamu hadi chombo cha Kisovieti, Luna 3, kilipoupiga picha mwaka 1959. Na tafadhali, usiuite upande wa giza. Jua huupiga kama unavyopigwa huu wetu.

Hatua ya nne. Ushushe mpira uwe usawa wa macho na taa. Ukiielekea taa, mpira unaiziba: Jua limepatwa. Ukiipa mgongo, kivuli cha kichwa chako kinaumeza mpira: Mwezi umepatwa. Kwa nini basi haitokei kila mwezi? Kwa sababu njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi, ndiyo maana mwanzoni nilikuomba uuinue mpira. Mara nyingi hupita juu au chini ya mstari. Mwezi uliopatwa unaweza kuutazama kwa macho matupu bila hofu. Jua, hapana. Tumia miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua. Miwani ya kawaida ya jua haikulindi.

Hatua ya tano ni maji ya bahari, na hapa weka mpira chini, chukua karatasi. Usijaribu kwa beseni, halitakuonyesha chochote. Chora duara la Dunia, kisha lizungushie umbo la yai lililochongoka kidogo pande mbili: upande unaoelekea Mwezi, na upande wa pili kabisa. Huo wa pili ndio unaowachanganya watu. Mvuto wa Mwezi hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Maji ya karibu huvutwa zaidi kuliko kitovu cha Dunia, na kitovu huvutwa zaidi kuliko maji ya mbali, ambayo kwa hiyo hubaki nyuma. Tofauti hiyo ndiyo inayounyoosha mwili wa bahari pande zote mbili.

Dunia ikijizungusha, pwani nyingi hupita kwenye sehemu zote mbili zilizochongoka, maji yakajaa na kupwa mara mbili. Kati ya kujaa kumoja na kujaa kunakofuata ni saa 12 na dakika 25 hivi, si saa 12 kamili, kwa kuwa Mwezi nao unasonga. Ongeza Jua kwenye mchoro wako. Likiwa mstari mmoja na Mwezi, yaani mwezi mwandamo au mpevu, nguvu zinajumlishana na tunapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Zikiwa pembe mraba, nusu mwezi, tunapata maji mafu, yaani tofauti ndogo kati ya kujaa na kupwa. Umbo la pwani nalo lina usemi mkubwa: Bay of Fundy huko Kanada maji hupanda hadi mita 16, wakati sehemu nyingi za Mediterania huwezi hata kugundua kama yamejaa.

Msuguano wa maji hayo unaipunguzia Dunia kasi ya kujizungusha kidogo kidogo, na kuusukuma Mwezi mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Hupimwa kwa miale ya leza inayorushwa kwenye vioo, vya kwanza vikiwa vimeachwa Mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969.

Hatua ya mwisho ni ya nje. Subiri hilali ionekane magharibi baada ya Jua kuzama. Kuanzia jioni hiyo, simama mahali palepale saa ileile, chora umbo na mahali ulipo Mwezi. Kila siku utaukuta umesogea mashariki. Ukifika mpevu, utachomoza karibu na wakati Jua linapozama. Baada ya hapo huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo hamishia zoezi alfajiri.