Seva Inayozima Kabla ya Skrini Kuonyesha Kitu: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu

Karibuni, ndugu watazamaji. Mbele yangu, katika karakana yetu hapa Mombasa, pana seva iliyoletwa kutoka ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Ukiiwasha, feni zinavuma kwa nguvu kwa sekunde chache, kisha mashine inazima kabla skrini haijaonyesha chochote. Tutaitafuta hitilafu pamoja, hatua kwa hatua.

Anza na umeme. Seva hii ina pawa saplai mbili, yaani vifaa vinavyoigawia mashine umeme, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Chomeka moja peke yake, uwashe, kisha ujaribu ya pili, na ubadilishe kebo pamoja na soketi ya ukutani. Hapa dalili haikubadilika, kwa hiyo si rahisi kuzilaumu pawa saplai. Ukishuku mojawapo, ibadilishe nzima. Usiifungue kamwe, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme unaoweza kuua hata baada ya kuchomoa kebo.

Hatua ya pili ni kusoma kumbukumbu za makosa, yaani orodha ya hitilafu ambayo mashine hujiandikia. Seva nyingi hubeba ndani yake kompyuta ndogo ya usimamizi, ambayo huendelea kufanya kazi maadamu kebo ya umeme imechomekwa, hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Yetu inataja kosa la memori (kibao cha kumbukumbu ya muda, RAM) katika nafasi ya kwanza, yaani tundu la kwanza la kuchomekea memori. Wengi wakifika hapa hukimbilia dukani kununua memori mpya. Nakuomba usubiri.

Chomoa kebo zote mbili, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliosalia uishe, vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli, kisha ufungue kifuniko. Sasa nasogeza kamera karibu. Tazama meno ya dhahabu ya memori hii: yamefifia, na matatu ya pembeni yana madoa ya kijani. Hiyo ni kutu. Seva hii ilikuwa imewekwa chini ya dirisha linaloelekea baharini, na hewa ya pwani, yenye unyevu na chumvi, hushika chuma polepole bila mtu kuona. Ndiyo maana katika mji wetu mimi hukagua viungio kwanza, kabla ya kuhukumu kifaa chochote kuwa kimekufa.

Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, upanguse meno kwa upole, kisha uache yakauke kabisa. Usitumie spiriti ya rangi, kwa sababu huacha mabaki. Wapo mafundi wanaosugua kwa raba ya shule; mimi siikubali njia hiyo, kwani tabaka la dhahabu ni jembamba sana, na ukilimaliza, kutu itarudi upesi zaidi.

Kisha rudisha vitu vichache tu: prosesa moja (chipu inayofanya hesabu zote za mashine) na memori moja, bila kadi za ziada wala diski. Kabla ya kuchomoa diski, andika namba ya nafasi ya kila moja, na usizichomoe mashine ikiwa imewashwa. Mpangilio wa RAID 5, ambapo diski kadhaa hugawana data pamoja na taarifa za kuzirejesha, huvumilia kupotea kwa diski moja tu, na ukizidisha, data za ofisi nzima zitakuwa hatarini.

Washa. Skrini imeonyesha maandishi, na mashine haikuzima. Ongeza kifaa kimoja, uwashe tena, kisha kingine, na usiongeze viwili kwa mara moja, la sivyo hutajua kipi kimeleta kosa. Kosa la memori likirejea, hamishia memori hiyo nafasi nyingine: kosa likiifuata, memori ni mbovu, likibaki palepale, tatizo lipo kwenye nafasi au kwenye prosesa inayoihudumia.

Vyote vikisharudi, endesha jaribio la memori usiku kucha, na asubuhi usome kumbukumbu za makosa upya kabla ya kuirudisha seva ofisini, safari hii mbali na lile dirisha.